Usibane hela kwenye pawa saplai na kasha
Unaunda kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo, tena kwenye joto la Dar au Mombasa? Shuka daraja moja kwenye kadi ya grafiki, hela itakayobaki inunue pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya kuaminika na kasha lenye wavu mbele, si kioo. Feni mbili za milimita 120 zivute hewa mbele, moja itoe nyuma. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halipenyi kwenye nyufa; linanasa kwenye chujio, unalifuta tu. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kawaida inatosheka na kipoozi cha feni. Cha maji kina pampu, na pampu huchakaa. Halafu tafadhali, nunua stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, kabla ya taa za rangi! Nimeshuhudia mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ikiungua umeme uliporudi ghafla.