Kabla ya Zoezi la Kuigiza Thieta: Mambo ya Kuandaa ili Nesi Apate Sauti

Gozi moja, kile kitambaa cha kufyonzea damu, ikikosekana wakati daktari ameshashika uzi wa kufunga tumbo, nesi ana muda mfupi sana wa kuamua: aseme, au ahesabu tena kimyakimya huku akiomba Mungu ionekane. Kuhesabu tulifundishwa sote chuoni. Kumsimamisha daktari hatukufundishwa. Ndiyo maana nayaamini mafunzo ya kuigiza, yale ambayo timu nzima ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, humfanyia mdoli upasuaji kana kwamba ni mgonjwa. Hapo nesi anaweza kuizoeza sauti yake bila mtu kuumia. Lakini zoezi ambalo halikuandaliwa huishia kwenye vicheko na picha za simu, na kesho yake watu wanafanya kazi vilevile. Kwa hiyo nitaeleza mambo ninayoyaweka sawa kabla mdoli hajapandishwa mezani.

La kwanza ni lengo, nalo liwe moja. Hospitali nyingi za wilaya, upasuaji mkubwa unaofanyika kila siku ni wa kumtoa mtoto, basi anzia hapo. Kisha chagua: leo ni hesabu ya gozi, au leo ni damu nyingi baada ya mtoto kutoka. Wapo wanaotaka umeme ukatike, mama avuje damu na mtungi wa oksijeni uishe, vyote ndani ya robo saa. Manesi hutoka hapo wamechoka na hawakumbuki walichojifunza. Lengo liandikwe kama kitendo ambacho mtu aliyesimama pembeni anaweza kukiona. “Waelewe umuhimu wa kuhesabu” halifai, kwa sababu kuelewa hakuonekani. Andika hivi: nesi atatangaza kwa sauti kwamba hesabu haijatimia kabla tumbo halijafungwa, na timu itasimama.

Sababu ya kuling'ang'ania lengo hili ninayo. Nikiwa na mwaka mmoja tu thieta, katika hospitali ambayo sitaitaja, gozi moja kubwa ilikosekana. Nilisema, lakini nilisema kama mtu anayeomba radhi, na daktari akaendelea kushona. Dada mmoja mkubwa kazini aliyekuwa ameskrabu, yaani amenawa na kuvaa tayari kumpa daktari vyombo, akaweka vyombo chini, akasema, “Dokta, naomba usimame. Gozi haijatimia.” Ilikuwa ndani, imejikunja upande wa kushoto. Mama yule alikwenda nyumbani na mwanawe, na hakujua chochote. Mimi sijaisahau sauti ya yule dada: haikuwa kali wala ya juu sana, ila haikuacha nafasi ya kupuuzwa. Sauti ile hujengwa kwa mazoezi.

Kwa hiyo daktari lazima awepo, na mtoa usingizi pia. Zoezi la manesi peke yao linafaa kwa kunawa, kuvaa gauni na glavu, au kupanga meza. Kusema mbele ya daktari hakuwezi kuzoezwa daktari akiwa hayupo. Mwombe wiki mbili kabla, umweleze lengo, na mkubaliane kwamba ataigiza mwenye haraka, asiigize mkali. Ukali wa kuigiza huacha majeraha ya kweli, hasa kwa nesi mgeni.

Kama timu inatumia orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile iliyozinduliwa mwaka 2008, iingizwe kwenye zoezi kama ilivyo, bila kurukwa kwa kisingizio kwamba haya ni maigizo. Orodha hiyo tusiione ngeni. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, hapa Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 katika hospitali hizo kwa jumla. Ina vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Kituo cha pili kinataka kila mtu awe amejitambulisha kwa jina na kazi yake, na wengi hukiona cha kupoteza muda. Mimi nakiona ndicho kiini: aliyekwisha kusikika mara moja chumbani hapati shida kubwa kusema mara ya pili.

Mahali napo pafikiriwe. Chumba cha mazoezi chuoni kina utulivu, lakini thieta yenyewe ndiyo inayofichua mambo: mashine ya kunyonya isiyovuta, spana ya mtungi wa oksijeni isiyojulikana iliko, namba ya maabara ya damu iliyobanduka ukutani. Nikipata nafasi nachagua thieta, siku isiyo na orodha ndefu ya wagonjwa. Hapo kubalianeni mapema kwamba mgonjwa wa dharura akija zoezi linavunjwa papo hapo, na mchague neno la kulivunja. Sisi tunasema “Sasa ni kweli.” Neno hilo lijulikane hata kwa mhudumu wa mlangoni.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Mdoli wa bei kubwa unaopumua ni mzuri, lakini kwa zoezi la hesabu hata tumbo la kushona kwa kitambaa na sponji linatosha, mradi lina kina cha kufichia gozi. Tumieni gozi za aina ileile mnayotumia kazini. Hospitali zetu nyingi manesi hukata gozi wenyewe kutoka kwenye bunda na kuzikunja kabla ya kuzipeleka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Gozi hizo hazina ule uzi unaoonekana kwenye eksirei, kwa hiyo ikibaki ndani picha haitaionyesha. Hesabu ndiyo kinga yetu, na washiriki waambiwe hivyo waziwazi.

Kwa zoezi la damu, nachemsha rozela bila sukari. Rangi yake inakaribia kabisa. Pima kiasi unachomwaga, kwa sababu makosa makubwa ya macho yako hapo. Gozi kubwa ya sentimita 45 kwa 45 ikilowa chepechepe hubeba karibu mililita 350, na dimbwi la upana wa mita moja sakafuni ni karibu lita moja na nusu. Weka mizani pia: gramu moja ya uzito ulioongezeka ihesabiwe kama mililita moja ya damu. Nesi aliyekisia mililita 400 na mizani ikampa 900 hahitaji kuhubiriwa.

Sasa jambo ambalo silikubalii mzaha. Kila chupa ya maji ya zoezi, kila dawa iliyokwisha muda na kila sindano ya kuigizia iandikwe kwa wino mwekundu SI KWA MGONJWA, iingie kwenye sanduku lake, na sanduku liwe na mtu mmoja anayewajibika. Mwaka 2014 nchini Marekani, maji ya dripu yaliyotengenezwa kwa mafunzo tu yalifika kwenye vituo vya tiba, na zaidi ya watu 40 wakawekewa mishipani. Wengi waliugua. Kama yaliweza kupita huko, kwetu ambako stoo ya thieta na stoo ya mafunzo mara nyingi ni kabati moja, hatari iko karibu zaidi. Asiye na sanduku la kutenga aahirishe zoezi.

Mazungumzo ya kabla yanahitaji dakika kumi. Waonyeshe mdoli, waguse vifaa, wajue kipi ni cha kweli na kipi cha kuigiza. Waambie kosa litakalotokea hapa litabaki hapa. Simu zikusanywe kwenye beseni. Metroni akitaka kuja aje kushiriki, asikae pembeni na daftari, kwa maana nesi akihisi anapimwa kwa ajili ya cheo atafanya anachodhani kinatakiwa, na wewe hutaona anachofanya kila siku.

Muda wa kuzungumza baada ya zoezi utengwe tangu mwanzo, tena uwe mrefu kuliko zoezi lenyewe. Zoezi la dakika 15 nalipa dakika 30 au zaidi za kukaa na kuzungumza. Andaa maswali mawili au matatu, na lililo zuri kuliko yote kwangu ni hili: “Sista, pale ulipogundua gozi haipo, nini kilikupita moyoni kabla hujasema?” Kisha nyamaza. Jibu huchelewa, lakini huja.

Usipange zoezi moja kubwa la mwaka. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri mbele ya mdoli, ila uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba chumba cha kujifungulia hakikubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Thieta nayo inaweza kupata dakika 20 kila wiki mbili, asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Tarehe ya zoezi lijalo iandikwe ubaoni watu wakiwa bado wamevaa gauni, pamoja na jina la nesi atakayeficha gozi.

Na gozi za zoezi zihesabiwe kwa sauti, na watu wawili. Ziliingia 20, zitoke 20, ndipo thieta ikabidhiwe kwa wagonjwa.