Ukipita Kraków, usiikose Cricoteka
Jamani mkiwa Kraków, kule Poland, msiishie pale mji mkongwe tu, vukeni mto Vistula kwa kile kidaraja cha waenda kwa miguu cha Bernatek mshukie mtaa wa Podgórze, hapo hapo ukingoni mtaona jengo la chuma chenye kutu limekaa juu ya kituo cha umeme cha zamani, ndo Cricoteka, makumbusho ya Tadeusz Kantor, msanii na mwongozaji wa maigizo wa Poland. Kabla hujaingia simama chini yake uangalie juu, unajiona kama kwenye kioo. Ila msome Kantor kidogo kwanza, hasa igizo lake la 1975 liitwalo Darasa la Wafu, wazee wanarudi shule wamebeba wanasesere wa utoto wao na yeye mwenyewe yuko jukwaani anawaongoza, ukishajua hilo halafu ukutane humo ndani na yale madawati ya mbao ya igizo hilo, aisee, hutaondoka haraka.