Kubadili kioo cha laptopu nyumbani
Kabla ya kununua kioo, unganisha laptopu na runinga kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka safi huko, mara nyingi tatizo ni kioo au waya wake. Mistari ikionekana na huko pia, acha kioo, chunguza ubao mkuu (motherboard) ulio ndani ya laptopu. Picha ikicheza unaposogeza kifuniko, shuku waya wa kioo kwanza.

Usinunue kwa jina la laptopu pekee: modeli moja huweza kufungwa vioo tofauti. Fungua kwa hatua zilizo hapa chini, soma namba iliyo mgongoni mwa kioo, kisha linganisha inchi, rezolusheni, yaani idadi ya nukta za picha (k.m. 1366 × 768 au 1920 × 1080), pini za soketi (30 au 40), na masikio ya skrubu, yaani vishikio vya pembeni vyenye matundu.

Zima, chomoa chaja, tenganisha betri. Hatua ya betri isirukwe: plagi ya waya wa kioo ikikaa upande umeme ukiwepo, fyuzi ya taa za kioo huungua, na kioo kipya nacho kitabaki giza. Bandua fremu kwa kadi ya plastiki, toa skrubu, laza kioo kifudifudi juu ya kitambaa. Ondoa utepe, fungua kishikizo kama kipo, vuta plagi sambamba na kioo. Ukiivuta kwenda juu utang'oa soketi. Chomeka kioo kipya, rudisha betri, kisha washa ujaribu kabla ya kurudisha fremu.