Arusha na Moshi bila simu: namna ya kupima kama kwanta inaweza kuwa halisi na ya mahali

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fizikia au kiongozi wa klabu ya sayansi ambaye wanafunzi wake wa kidato cha tano na sita hawaachi kuuliza: je, chembe ina sifa zake kabla haijapimwa? Na je, kinachofanywa hapa kinaweza kugusa cha mbali papo hapo? Einstein, Podolsky na Rosen waliliweka swali hilo mezani mwaka 1935, na mwaka 1964 mwanafizikia John Bell akalifanya lihesabike kwa fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kama elektroni na fotoni (chembe za mwanga). Kwa hiyo lihesabuni, msilijadili tu.

Vile vichujio vitatu vya mwanga vinavyopendwa kwenye video viacheni. Matokeo yake yanaelezeka kwa mawimbi ya kawaida, hivyo kwa swali hili havipimi chochote.

Hatua ya 1: Vifaa

Sarafu mbili, kadi za karatasi ngumu, kalamu, na kompyuta moja yenye Python (lugha ya programu). Timu moja ikae Arusha, nyingine Moshi; vyumba viwili vya shule moja navyo vinatosha. Simu zizimwe. Kwa mstari ulionyooka miji hii imeachana kama kilomita 70, na mwanga huvuka umbali huo kwa karibu robo ya milisekunde. Kwa hiyo hapa siyo umbali unaozuia mawasiliano, ni nidhamu.

Hatua ya 2: Kadi pacha

Andaeni jozi 200 za kadi zenye namba, moja ya kila jozi iende Arusha na pacha wake Moshi. Kila kadi ina majibu mawili, 0 au 1: moja la sarafu ikilala kichwa, jingine ikilala nyuma. Timu zikae pamoja na kupanga majibu zinavyotaka kabla ya kuachana.

Katika kila raundi, kila timu inarusha sarafu yake, inasoma jibu kwenye kadi ya namba hiyo, inaandika namba, sarafu na jibu. Timu zote mbili zinapata ushindi pamoja ikiwa majibu yanafanana. Lakini sarafu zote mbili zikilala nyuma, ushindi ni majibu yatofautiane.

Kadi hii ndiyo maana yenyewe ya "halisi na ya mahali". Jibu lipo kabla ya kuulizwa (halisi), na kadi ya Moshi haijui sarafu ya Arusha imelalaje (ya mahali).

Hatua ya 3: Waache watafute kadi isiyoshindwa

Wape nusu saa, usiwasaidie. Kisha andika ubaoni. Kichwa na kichwa: Arusha na Moshi wafanane. Kichwa cha Arusha na nyuma ya Moshi: wafanane. Nyuma ya Arusha na kichwa cha Moshi: wafanane. Masharti hayo matatu tayari yanayafanya majibu yote manne kuwa namba moja. Sharti la nne, nyuma na nyuma, linadai tofauti. Haliwezekani. Kila jozi ya kadi hufeli angalau hali moja kati ya nne, na kwa kuwa sarafu ni za haki, wastani hauwezi kuzidi asilimia 75.

Hatua ya 4: Chezeni

Raundi 200, si chini. Kwa raundi 40 makosa ya bahati nasibu ni kama asilimia 7, na hapo 75 ya kadi na 85 ya kwanta (Hatua ya 5) huwezi kuzitenganisha vizuri. Kwa 200 yanashuka hadi kama asilimia 3. Mkimaliza, pigeni picha karatasi na kuzituma WhatsApp. Linganisheni kwa namba ya raundi, siyo kwa mpangilio wa mistari. Mtu akiruka mstari mmoja na kadi zilikuwa tofauti tofauti, matokeo yanaporomoka.

Marufuku kusema "hii tunairuka". Ukiruhusu timu moja kukataa kujibu, ushindi wa asilimia 100 ni rahisi: jozi ya kadi inakisia sarafu ya Arusha, Moshi inajibu kufuatana na kisio hilo, na Arusha inajibu tu kisio likiwa sahihi. Nusu ya raundi zinapotea, zilizobaki zote ni ushindi. Ndiyo maana majaribio ya zamani ya wazo la Bell yenye vipokezi vilivyokosa fotoni nyingi yaliacha mwanya.

Hatua ya 5: Kompyuta icheze kwa kanuni ya kwanta

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo nenda polepole.

Sasa badala ya kadi, kila timu ina fotoni moja ya jozi iliyofungamana (iliyotengenezwa pamoja kiasi kwamba majibu yake yanahusiana), sarafu inachagua pembe ya kichujio cha mwanga, na jibu ni 1 fotoni ikipita, 0 isipopita. Kwa jozi kama hiyo, uwezekano wa majibu kufanana ni kosaini ya tofauti ya pembe za vichujio, ikizidishwa kwa yenyewe. Arusha: kichwa nyuzi 0, nyuma nyuzi 45. Moshi: kichwa nyuzi 22.5, nyuma nyuzi −22.5. Hali tatu zina tofauti ya nyuzi 22.5, na ya nne nyuzi 67.5. Ushindi katika kila hali unatoka 0.854.

Makosa mawili ni hatari kwa sababu hayaonekani kuwa makosa. La kwanza ni kuipa kosaini ya Python nyuzi badala ya radiani. Utapata kama 0.82, namba inayozidi 0.75, nawe utashangilia bure. Tumia math.radians kila mara. La pili ni kuchanganya fotoni na spini ya elektroni (sifa ya elektroni inayopimwa nayo kwa pembe). Fomula za spini hugawa pembe kwa mbili. Ukichukua nusu ya pembe huku umebaki na nyuzi za fotoni, unapata kama 0.80. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu linafanana na matokeo halisi ya maabara: mwaka 2015, huko Delft, elektroni katika almasi mbili zilizoachana kilomita 1.3 zilitoa S ya 2.42, yaani ushindi wa karibu 0.80 (S ni namba ambayo wanafizikia huripoti badala ya ushindi: zidisha ushindi kwa 8, toa 4, upate S; kadi haziwezi kuzidi 2). Programu yako haina kelele za maabara. Isipokaribia 0.854 baada ya raundi 10,000, kuna kosa.

Andika Python tupu, usitumie maktaba za kompyuta za kwanta. Zinaficha kile hasa tunachotaka kukiona. Kisha jaribu kuigawa programu iwe faili mbili, moja ya Arusha na moja ya Moshi, zikigawana orodha yoyote ya namba nasibu iliyotengenezwa mapema. Ushindi unarudi 75 au chini. Ili ufike 85, faili moja lazima ipokee pembe ya mwenzake.

Hakikisha pia majibu ya Moshi peke yake yanabaki nusu kwa nusu sarafu ya Arusha ikilala vyovyote. Kwa hiyo hakuna ujumbe unaoweza kutumwa kwa njia hii.

Hatua ya 6: Chagua cha kuacha

Usikubali jibu "kwanta ni ya ajabu". Mwanafunzi aseme ni sharti gani la kadi analoliacha. Mwanafizikia David Bohm, 1952, anabakiza uhalisia na kuacha umahali. Mwenzake Hugh Everett, 1957, anaacha kwamba kila kipimo kina tokeo moja tu. Akiacha hilo, hesabu ya ubaoni haimgusi, na wafuasi wake wanadai umahali umebaki. Wa mkondo wa Copenhagen, unaohusishwa na Niels Bohr, wanakataa kwamba jibu lilikuwepo kabla ya kuulizwa. Njia ya nne inasema sarafu na kadi zilikubaliana tangu zamani. Haikanushiki kwa mchezo huu, lakini naiona ghali mno, kwa sababu anayeikubali hawezi tena kuliamini jaribio lolote linalochagua sampuli kwa bahati nasibu, likiwemo la dawa.