Dagaa, omena, mukene: jinsi ya kutafuta makala za kitaaluma ukiwa Mwanza

Utafutaji mwingi huharibikia kwenye maneno, kabla hata intaneti haijaanza kusumbua. Mwanafunzi wa chuo pale Malimbe anaandika swali lake zima kwenye Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, "dagaa wa Mwaloni Kirumba wanaharibikaje wakati wa masika", hapati kitu, anasema hakuna utafiti. Utafiti upo, ila umeandikwa kwa majina mengine.

Anza na karatasi na kalamu. Igawe mada vipande vitatu: samaki, tatizo, mahali. Chini ya kila kimoja andika majina yote yanayotumika. Ziwa letu, Victoria, lina nchi tatu, na samaki yuleyule ni dagaa kwetu, omena Kenya, mukene Uganda. Jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, ndilo linalowakutanisha watafiti wote. Kwa kuwa majarida mengi ni ya Kiingereza, kwenye tatizo andika drying, spoilage na post-harvest.

Kisha unganisha:

dagaa OR omena OR mukene OR "Rastrineobola argentea"

Mstari huo uutie ndani ya mabano, halafu ongeza AND "Lake Victoria" AND drying. OR maana yake lolote kati ya maneno hayo, AND maana yake yote yawepo. OR iwe herufi kubwa. Ikiwa ndogo, Google Scholar haiichukulii kuwa amri. Alama za nukuu zinashika maneno yakae pamoja. Ukizisahau, Lake na Victoria zinatafutwa mbalimbali, nawe unaweza kuletewa maziwa ya jimbo la Victoria kule Australia.

Usithubutu kuliacha jina la ziwa. Dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Ukichukua vipimo vyao ukavibandika kwa dagaa wa Mwanza, sura nzima ya tasnifu imeharibika, na msimamizi asipogundua, mtahini atagundua. Kwa hiyo kabla ya kupakua, soma muhtasari na utafute jina la kisayansi. Hata bando linapona.

Matokeo yakiwa machache mno, ondoa neno la tatizo kwanza. Samaki na ziwa vibaki.

Ukidaiwa dola ili usome, usilipe. Chini ya jina la makala kwenye Google Scholar bonyeza orodha ya matoleo yote. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure mahali pengine. Ikishindikana, muulize mkutubi kama chuo kimejisajili Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia: ndani yake AGORA ina kilimo na uvuvi, Hinari ina afya, ndiyo inayowafaa zaidi wanafunzi wa afya wa Bugando. Kosa la kawaida hapa ni kuingiza nywila ya Research4Life, kisha kufungua makala kupitia Google. Tovuti ya jarida haijui kwamba umetokea maktaba, inakudai tena. Anzia ndani ya lango lenyewe la Research4Life hadi kwenye makala.

Rejea uliyopewa na programu ya akili mnemba ikague kabla ya kuinukuu. Chukua DOI yake, ile namba inayoanza na 10, iandike baada ya doi.org/ na ufungue. Isipofunguka, au ikileta makala nyingine, itafute kwa kichwa chake kamili. Isipoonekana popote, itupe.

Ukikwama, mpelekee mkutubi mstari wako wa utafutaji kama ulivyouandika, pamoja na jina la hifadhidata uliyotumia. Akiuona ataweza kukuonyesha nukuu iliyosahauliwa au mabano yasiyofungwa.