Mbwa wa kuokolewa akifika kwako, muache kwanza apoe

Ukishamchukua mbwa aliyeokolewa mtaani hapa Tanga, uwe Chumbageni au Makorora, usiite majirani waje kumuona siku hiyohiyo jamani. Mtandikie gunia au kanga kuukuu barazani penye kivuli, muwekee maji, halafu kaa pembeni endelea na mambo yako, asogee mwenyewe. Usimkodolee macho wala kumshika kichwa kwa juu, maana aliyezoea kupigwa mawe akiona mkono umeinuka tu anajua kimenuka.

Msosi, ugali na dagaa fresh tu, chumvi usitie, vitunguu kabisa usiweke vinaharibu damu yake, na mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika vipande vyenye ncha.

Mapema mpeleke kwa daktari wa mifugo achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa, kupe na minyoo navyo viangaliwe. Hili halina mjadala.

Akikojoa ndani usimpige, utamrudisha nyuma, mtoe nje kila akiamka na akimaliza kula. Geti lifungwe, wengi wanatoroka siku za mwanzo. Na watoto waambie wasimsogelee akiwa anakula, hata kama mkia unatikisika.