Jinsi ya kufungua seva ya Minecraft ukiwa Uganda na isife shule zikifunguliwa

Seva nyingi za Minecraft (gemu ya kujenga dunia kwa tofali, na seva ni kompyuta inayowakutanisha wachezaji) za vijana wa hapa kwetu zinafunguliwa Desemba na kufa Februari. Likizo ndefu watoto wako nyumbani na simu za wazazi, usiku seva inajaa mpaka mtu anakosa nafasi, halafu shule zinafunguliwa, wa bweni wanaacha simu nyumbani, mwenye seva anaingia anakuta jina lake peke yake kwenye listi na anaacha kulipa. Siku za malipo zinapita, kampuni iliyomkodishia inafuta mashine, na majumba yote watu waliyojenga usiku kucha yanaenda nayo. Inauma sana na inazuilika kabisa, kwa hiyo wacha niandike vile ya kufanya kuanzia kufungua mpaka kufunga, maana hata kufunga kuna namna yake.

Kwanza mahali pa kuiweka. Laptopu ya nyumbani haifai kama unataka watu wengi, umeme ukipotea Ntinda wote wanatupwa nje, na tena intaneti nyingi ya simu hapa iko nyuma ya CGNAT, yani anwani moja ya IP mnashea na wateja wengine, hata ufungue poti 25565 (mlango ambao Minecraft inatumia) kwenye rauta yako mtu wa nje hakufikii. Kwa kujaribu na marafiki tumia Aternos ambayo ni ya bure, inajizima watu wakitoka, au playit.gg inayopitisha njia nyingine bila kugusa rauta. Ya kudumu kodisha mashine ya kampuni. Na kabla hujalipa uliza mashine iko mji gani, Uganda haina bahari, data yetu inapita sana sana Kenya mpaka Mombasa ndo iingie kebo za chini ya bahari, kwa hiyo seva iliyo Ulaya inakupa pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) inayozidi milisekunde 100, kujenga utajenga vizuri tu lakini ukipigana upanga unajikuta umekufa kabla hujageuka. Omba IP ya kujaribia na uipime saa mbili usiku, sio asubuhi, maana usiku ndo watu wako watacheza na ndo mtandao umejaa. GB 4 za RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) zinabeba watu kumi hivi kama hujajaza plagini, yani programu za nyongeza, ovyo. Usidanganyike na anayekuuzia RAM nyingi kwa bei ya chini, kazi kubwa ya Minecraft inafanywa na kori moja ya CPU, ubongo wa mashine, uliza CPU ni gani.

Weka Paper, programu ya seva, badala ya ile ya kawaida ya Mojang, kampuni yenye Minecraft, ni ya bure na inaenda mbio zaidi. Ukiiwasha mara ya kwanza itazima yenyewe, fungua faili la eula.txt andika eula=true, washa tena. Halafu kwenye server.properties view-distance (umbali ambao mchezaji anaona) inakuja ikiwa 10, shusha mpaka 6, na simulation-distance (umbali ambao vitu vinaendelea kutembea) weka 5, wachezaji wengi hawataona tofauti lakini mashine itapumua. Seva inatakiwa kuhesabu tiki 20, yani hatua ndogo za gemu, kila sekunde, ikishindwa utaona kwenye konsoli (dirisha la amri za seva) imeandika "Can't keep up! Is the server overloaded?" Hapo usikimbilie kuongeza RAM, endesha plagini ya spark ikuonyeshe nini kinakula muda, mara nyingi utakuta mtu mmoja amefungia kuku mia tatu kwenye shimo moja. Ongea naye apunguze, usiende kuua kuku wake usiku kimya kimya.

Sasa hapa kwenye simu ndo nataka usome taratibu. Vijana wengi wa huku hawana kompyuta, na wenye nayo wengi hawajanunua gemu, kwa hiyo wenye seva wanaandika online-mode=false ili kila mtu aingie. Ukifanya ivo seva haiulizi Mojang huyu ni nani, mtu yeyote anaandika jina la admini, msimamizi wa seva, na anaingia kama admini, TNT (baruti ya gemu) kila mahali. Njia nzuri ni kuacha online-mode=true na kuweka plagini mbili, Geyser na Floodgate, mtu wa simu anaingia na toleo lake la Bedrock kupitia poti 19132 ya UDP bila kuwa na akaunti ya Java, toleo la kompyuta, na toleo la simu ni bei ndogo sana ukilinganisha na la kompyuta. Ongeza CoreProtect, inaandika nani alivunja tofali gani saa ngapi na inaweza kurudisha. Ukishaweza kujibu "nani kachoma nyumba yangu" kwa ushahidi, ugomvi nusu umeisha.

Na usiachie toleo la zamani. Desemba 2021 lilionekana tundu la usalama kwenye Log4j, kipande cha programu kilichomo ndani ya Minecraft, ambalo mtu aliweza kushika mashine nzima kwa kuandika ujumbe tu kwenye chati ya gemu, Mojang wakatoa 1.18.1 kuliziba. Mirai nayo, ile programu iliyoangusha sehemu kubwa ya intaneti mwaka 2016, walioitengeneza walikuwa kwenye vita vya biashara ya seva za Minecraft, ivo DDoS, yani kujaza seva maombi ya uongo mpaka inaanguka, sio hadithi za mbali. Chagua kampuni yenye ulinzi wa DDoS basi.

Kinachoua seva kuliko vyote ni funguo kuwa kwa mtu mmoja. Huku malipo mengi yanataka kadi ya benki, kijana hana, anatumia ya kaka yake, kadi inaisha muda, barua pepe ya onyo inaenda kwa kaka ambaye hata hajui Minecraft ni nini. Weka barua pepe ya seva yenyewe, watu watatu mnaoaminiana wawe na paswadi, na mmoja wao awe nje ya nchi, hata Nairobi tu. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa Uganda nzima siku kama tano, siku kama hizo bili ikifika nani atalipa?

Bakapu, yani nakala ya akiba ya dunia, kila usiku, na isikae kwenye mashine ileile. Andika save-off, halafu save-all flush, kopi folda za dunia, halafu save-on. Mara moja kwa mwezi ifungue kwenye laptopu uone kweli inawaka.

Pesa. Kuchangisha kwa Mobile Money ni sawa kabisa, onyesha hesabu kwenye grupu kila mwezi, kiasi kilichoingia na risiti ya kampuni. Kuuza upanga wa almasi hapana, tangu 2014 Mojang wamekataza kuuza nguvu ndani ya gemu, na hata wasingekataza, siku mtoto wa tajiri anashinda kila pambano ndo siku wengine wanaanza kutoka mmoja mmoja. Kofia na rangi za jina uza. Admini naye asimpe rafiki yake hata chuma kimoja, watu wanaona.

Februari ikifika usiogope, kushuka ni kwa msimu. Hamia paketi ndogo, chagua usiku mmoja tu, tuseme Jumamosi saa mbili, muingie wote waliobaki, watu watano wakikutana ni kijiji, wakiingia saa tofauti kila mmoja anaona jangwa. Usifute dunia ili "tuanze upya" bila kuwauliza, wale wa bweni wanarudi Mei wakitafuta nyumba zao.

Na kama lazima ufunge, tangaza mwezi mzima kabla, rudisha michango ambayo haijatumika, waulize wachezaji kama kuna anayetaka kuichukua. Usiku wa mwisho pandeni wote mlimani mpige picha, kisha washa whitelist (orodha ya wanaoruhusiwa kuingia) ili watu wapya wasiingie, fanya bakapu ya mwisho na uiweke kwenye linki ambayo kila mchezaji anaweza kuishusha. Kwa asiye na bando ya kushusha GB kadhaa, mwekee kwenye flashi, akija mjini atachukua.